Pua Mpya kwa Gari la Baba

Mtaa wa Rodopi, nambari 17,
Devin.
Jumatatu, tarehe 14 Mei, 2018.

Mpendwa mdogo wangu Rumyana,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wifi yako Nevena. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya huko Zaragoza, na kwamba bega lako limepoa. Je, yule daktari amekukubalia upumzike kunyanyua trei za mikate, au bado unamficha kwamba unazinyanyua? Inés amemaliza mitihani yake? Usinijibu kwa maneno mawili kama ulivyofanya safari iliyopita. Nataka kujua masomo yote, moja baada ya jingine.

Sisi tu wazima. Sikio langu la kushoto linasikia linapotaka. Nevena ameanza kulima nyanya, na mgongo wake unamkumbusha umri wake kila jioni.

Mama hajambo. Naliandika hilo mapema ili usiruke mistari kuitafuta habari yake. Anakula, anatembea kwa fimbo yake, na ana mengi ya kusema. Habari yake ndiyo kiini cha barua hii, na nitaifikia kwa utaratibu.

Mwezi wa Machi mumeo, kupitia kwako, aliniuliza kwa simu kwa nini mzee wa miaka sitini na tisa anataka kujua upana wa shingo ya kabureta. Wewe ukacheka, mtandao ukakatika, na sikupata nafasi ya kujibu. Sasa ninajibu, kwa kuwa shemeji Fermín anapenda magari na anastahili maelezo kamili.

Tangu Februari Mama alikuwa na neno moja. Kila asubuhi, akishika kikombe cha chai yake ya mlimani, alisema, "Sikukuu ya Georgi mwaka huu niwe nyumbani." Unajua nyumbani kwake si hapa Devin, ingawa ni majira ya nane sasa ya baridi anayoyapitisha chumbani kwetu. Nyumbani ni Brezak. Mwaka jana, siku ya Mtakatifu Georgi, nilimpandisha, na kwenye kona ya tatu juu ya chemchemi ya Minko gari la Baba lilichemsha likazimika. Alikaa juu ya jiwe saa mbili, shali kichwani, huku mimi nikimimina maji kwenye rejeta. Kisha tukageuza. Hakunilaumu. Lakini mwaka huu, siku aliyotimiza miaka tisini na mitatu, aliniambia, "Nikikosa na hii, Lyuben, sitaomba tena." Uliwahi kumsikia Mama akisema hataomba tena? Mimi sijawahi, na sikulala vizuri wiki nzima.

Gari jingine haliwezi kufika. Barabara ya juu ya chemchemi imebaki mawe matupu, na ule mto mdogo chini ya Brezak hauna daraja tangu mafuriko. Dereva wa teksi aliniuliza kama ninatania. Ni gari la Baba tu, lenye miguu mirefu, linaloweza kuvuka pale, mradi lipate nguvu ya kupanda.

Fundi Asen alilipima. Alisema injini ni nzima na pampu ya maji ni nzima, ila gari linavuta hewa ya moto. Lile bakuli la duara lililo juu ya kabureta, lenye chujio la hewa ndani yake, limepasuka shingo, na sasa linavuta moja kwa moja kutoka juu ya bomba la moshi. Bakuli kama lile halipatikani tena madukani. Alishauri nitafute njia nyingine ya hewa, mpya, ya kuchukua hewa baridi kutoka nje. Yeye mwenyewe angepata nafasi ya kuifunga baada ya tarehe ishirini Mei. Mtakatifu Georgi angekuwa amekwisha kupita kwa wiki mbili. Kwa hiyo niliamua kuifunga mwenyewe, na nikajiuliza swali ambalo limenishughulisha kuliko yote tangu nilipostaafu reli: ni njia ipi ya hewa ambayo mtu asiye fundi anaweza kuifunga nyumbani bila kuharibu kitu?

Nilianzia kwa jirani. Zahari, yule wa nyumba ya kijani aliyekuwa akiendesha lori la magogo, alishalifungia gari lake chujio la wazi lenye umbo la pia, linalokaa juu ya kabureta bila bakuli lolote. Aliniita uani.

"Mzee Lyuben, njoo umsikie simba wangu!"

Alikanyaga mafuta. Kuku wa mkewe wakaruka hadi juu ya kuni.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Linapanda vizuri zaidi?"

"Linanguruma zaidi."

"Sikuuliza hilo."

"Wewe nawe! Ukinunua jogoo, unamuuliza anakimbia kilomita ngapi?"

Ni kweli kwamba kifaa chake kilifungwa kwa dakika tano, kwa pete moja ya kukazia na bisibisi moja. Kwa urahisi, hakuna kinachokishinda. Lakini nilitaka kujua kinavuta hewa gani. Nikachukua kipimajoto cha Nevena, kile kirefu cha kupikia jamu, nikakifunga kwa uzi pembeni mwa chujio, tukashusha boneti, na Zahari akalizungusha gari mitaani kwetu kwa dakika kumi. Nje kulikuwa na nyuzi kumi na tisa. Chini ya boneti, hamsini na nne! Simba yule anavuta hewa ya tanuri. Isitoshe, kile kibomba chembamba kinachotoa mvuke wa mafuta kwenye injini, ambacho zamani kiliingia kwenye bakuli, sasa kimeachwa kikining'inia, nacho kinatonea chujio mafuta. Zahari hakuwa amekiona.

"Mbona hukuniambia kabla sijanunua?" akauliza.

"Hukuniita kabla hujanunua. Uliniita nije nisikie."

Nevena alipokikuta kipimajoto kimejaa grisi, alisema, "Ukimaliza kulitibu gari, usinirudishie hicho. Mwaka huu jamu nitapika kwa macho."

Jumapili iliyofuata nilipanda basi hadi Plovdiv, kwenye soko la vipuri. Huko nilimpata mama mmoja aitwaye Pavlina, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya nywele. Nilimweleza shida yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Wauzaji wengine watatu walikuwa wamenikatiza. Yeye alisikiliza, kisha akatoa bomba refu la chuma linalong'aa kama sufuria ya harusi.

"Hili, baba, linateremka ndani ya bawa la gari, pale juu ya gurudumu, mpaka nyuma ya bampa. Linavuta hewa ya chini kabisa. Baridi tupu."

"Tunavuka mto."

"Mto mkubwa?"

"Maji yanafika katikati ya gurudumu."

Akalirudisha chini ya meza palepale. "Basi hili litainywesha injini yako maji, na utalala hukohuko mtoni. Sikuuzii. Nyumbani una vifaa gani?"

"Bisibisi mbili, spana za nane hadi kumi na saba, koleo."

"Drili?"

"Ninayo. Lakini sitaki kulitoboa gari la baba yangu."

"Vizuri. Hilo bomba la kwanza lilitaka tundu la kuingiza ngumi. Wanakuja hapa vijana, nawauliza kama wanajua kukata bati, wanasema ndiyo, ndiyo. Wiki ya pili wananiletea maji yanayovuja kwenye taa na lawama juu yake."

Kifaa alichonionyesha baadaye hakikung'aa hata kidogo. Ni sanduku jeusi la plastiki lenye kifuniko cha kubana kwa mkono. Ndani yake mna chujio la kitambaa linaloweza kuoshwa. Kutoka kwenye sanduku linatoka bomba laini la kukunjika, linalokwenda hadi kwenye kofia fupi inayokaa juu ya kabureta. Upande wa pili wa sanduku linatoka bomba jingine lenye mdomo mpana, unaofungwa juu, karibu na taa, nyuma tu ya wavu wa mbele. Huko hewa ni ya nje, na maji ya mto hayafiki.

Nilimwuliza mengi, naye hakuchoka. Sanduku litashikwa na nini? Na boliti mbili ambazo tayari zinashika trei ya betri. Shingo ya kabureta ikiwa nyembamba kuliko kofia? Kuna pete mbili za mpira, chagua inayokaa. Ule mvuke wa mafuta? Kofia ina chuchu yake pembeni, chomeka kibomba cha zamani hapo. Nikitaka kurudisha hali ya zamani? Fungua boliti, hakuna alama itakayobaki. Hilo la mwisho ndilo lililonipa moyo, kwa sababu mtu anayefanya jambo kwa mara ya kwanza anahitaji nafasi ya kukosea.

"Ila pima kimo," akaniambia. "Kofia ikiwa ndefu, boneti haitafunga, na hapo ndipo watu wanapoanza kupiga nyundo."

Nilinunua, lakini kwa masharti kwamba nikishindwa nirudishe. Usiku ule nilikuwa na swali: unapimaje nafasi iliyo chini ya kitu ambacho ukikifungua nafasi yenyewe inaondoka? Jibu lilikuwa mezani. Nevena alikuwa anakanda unga wa banitsa, ile pai yake ya jibini. Nilimega donge, nikalisimamisha asubuhi yake juu ya kabureta, nikashusha boneti polepole na kuinua tena. Donge lilibaki na kimo cha sentimita tisa na nusu. Kofia ina sentimita saba. Mama alikuwa dirishani akinitazama. Akaniuliza, "Sasa gari linakula banitsa?"

Nilikifunga kifaa siku ya Alhamisi, tarehe 26 Aprili. Zahari alileta kiti chake na kukaa kama mtu aliye kwenye mpira.

Kwanza nilitoa waya wa betri. Nililitoa bakuli la zamani, na mara moja nikaziba mdomo wa kabureta kwa kitambaa safi, maana nati ikitumbukia humo kazi inakuwa nyingine. Pete ya pili ya mpira ndiyo iliyokaa. Boliti za trei zilikuwa na kutu. Nikazinywesha mafuta, nikasubiri, zikakubali. Kazi yote ilichukua saa moja na robo, na dakika ishirini kati ya hizo tulikuwa tunatafuta skrubu moja iliyoanguka. Zahari alinikalipia kwamba nimeitumbukiza injinini. Tuliikuta kwenye pindo la suruali yangu.

Mdomo wa bomba ulitaka kukaa palepale nyuma ya wavu, na pale ndipo inapofungwa kadibodi. Unaikumbuka kadibodi ya Baba: ile aliyoishonea Mama kitambaa cha blanketi, yenye nyuzi nne, inayoikinga rejeta na baridi tangu Mtakatifu Dimitri mwezi wa Oktoba hadi Mtakatifu Georgi. Mtaa mzima ulikuwa bado nayo kwenye magari, ingawa Aprili hii imetuchoma kama Julai. Hakuna anayeitoa kabla ya sikukuu. Na sisi, kama unavyojua, hatuitoi hata asubuhi ya sikukuu. Tunaitoa juu Brezak, mbele ya nyumba, sote tukiwa tumesimama, kama Baba alivyokuwa akifanya. Basi nilifungua nyuzi mbili za juu, nikaweka mdomo wa bomba mahali pake, kisha nikaifunga kadibodi tena, fundo kwa fundo. Zahari alinisaidia kuvuta uzi. Wanaume wawili wenye akili timamu, Rumyana!

Gari liliwaka kwa mara ya kwanza na kunguruma kwa upole. Zahari alisikitika kidogo kwa upole huo.

Jumamosi nilikwenda kulijaribu, peke yangu, na gunia la viazi la kilo hamsini kwenye kiti cha Mama. Hadi chemchemi ya Minko lilipanda vizuri kuliko miaka yote. Kisha, kwenye kona ya kwanza, likaanza kukohoa. Kona ya pili likapoteza nguvu, na mshale wa joto ukawa unapanda. Hatua chache kabla ya kona ya tatu nilisimama.

Sitakuficha. Niliketi kwenye lile jiwe la Mama na nikafikiri ni nini nitakachomwambia.

Lakini jambo moja lilinishangaza. Gari lilipokuwa limesimama huku injini inazunguka, kikohozi kilikoma. Nikachana kipande cha gazeti, nikakisogeza karibu na mdomo wa bomba kwa pembeni: kikavutwa kwa nguvu na kunaswa. Kwa hiyo linapumua! Nikaendesha tena mita mia mbili kwa kasi, na kikohozi kikarudi. Nikasimama, kikaondoka. Kwa nini kiumbe apumue akiwa amekaa na akabwe akiwa anakimbia? Nililizunguka gari hilo mara nne. Nilichungulia chini. Niliangalia kila pete. Mwisho nilipitisha mkono nyuma ya wavu, na vidole vyangu vikagusa kitambaa cha blanketi kwa upande wa ndani. Kilikuwa na alama. Nikafungua uzi mmoja, nikaikunja kadibodi, nikatazama: duara kamili, limechapwa kwenye kitambaa kama alama ya glasi kwenye kitambaa cha meza.

Upepo wa mwendo ulikuwa unaisukuma kadibodi nyuma, nayo inauziba mdomo wa bomba kama kiganja. Na rejeta, ambayo ni miaka mingapi sasa tunaipandisha mlimani imevaa blanketi katika joto la Mei, ilikuwa inachemka kwa sababu hiyohiyo. Mwaka jana pia. Gari la Baba halikuwa na ugonjwa mkubwa. Lilihitaji njia ya hewa, ndiyo, lakini sisi wenyewe tulikuwa tumeliziba uso.

Utauliza kwa nini sikuitoa palepale. Nilishika uzi wa pili, nikauachia. Tangu Baba afariki ni miaka kumi na mmoja, na kila mwaka tuliofika Mama amesimama mbele ya ile nyumba, mikono kifuani, akingoja nifungue nyuzi zile. Siku nyingine zote anazungumza. Dakika ile hazungumzi. Ningeifungua kando ya barabara, na viazi kama shahidi? Nilirudi nyumbani.

Jioni nilimweleza. Nilianza mbali sana, nikafika kwenye upepo, nikafika kwenye duara. Yeye alikuwa anachambua dengu na hakuinua macho.

"Kwa hiyo lazima itoke kabla ya kupanda," nikamalizia. "Najua, Mama, kwamba Baba..."

"Baba yako alisahau," akasema.

"Alisahau nini?"

"Kuitoa. Mwaka ule wa kwanza tulipolinunua gari. Watu wote waliitoa chini, asubuhi. Yeye alikuwa na haraka ya kondoo, akasahau. Tukafika juu, mjomba wenu Vasil anatusubiri getini, akaanza kucheka: 'Angalia, Kostadin amekuja na gari lililovaa sweta!' Unamjua baba yako. Akashuka, akavua kofia, akasema kwa sauti nzito, 'Sisi kwetu hii hutolewa hapa, mbele ya nyumba.' Vasil akanyamaza. Basi mwaka uliofuata ikambidi asahau tena."

Nevena alikuwa ameshika mlango kwa kicheko.

"Miaka yote hii, Mama? Hata baada ya yeye kufariki?"

"Mlikuwa mnasimama wima kama mko kanisani. Mimi ningewaambiaje?" Akapuliza maganda ya dengu. "Mwenyewe alinikonyeza kila mwaka. Nilikuwa nasimama pale nikizuia kucheka. Kaitoe, mwanangu. Ninataka kufika."

Niliitoa usiku huohuo kwa taa ya mkononi.

Jumapili, tarehe 6, tulipanda. Mama alikaa mbele, Nevena nyuma na trei ya mwana-kondoo magotini. Tukaipita chemchemi ya Minko. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mshale wa joto ulikaa katikati na haukusogea. Kwenye mawe gari lilivuta kwa gia ya pili bila kulalamika. Mtoni maji yalifika katikati ya magurudumu, na sanduku jeusi lilibaki kavu kabisa. Mwambie Fermín: kavu kabisa, niliingiza kidole kuhakikisha. Mama alikuwa akiangalia dirishani. Tulipouvuka mto alitaja majina ya wenye mashamba, mmoja mmoja, wote marehemu, kana kwamba anawaamkia.

Brezak zimebaki kaya tatu. Majirani zetu Katerina na mumewe Yordan walikuwa wameshapamba lango letu kwa matawi mabichi ya msituni. Tulikula chini ya ukumbi wa mbao. Walimpima Mama kwa mizani ya kapani, kwa ajili ya afya, kama tulivyokuwa tukipimwa utotoni, wewe ukilia: kilo arobaini na sita. Viazi vyangu vilikuwa vizito kuliko yeye. Alikula vipande viwili vya nyama na kutukosoa kwamba mnanaa haukutosha.

Ilipofika saa kumi na moja jioni nililigeuza gari. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, mgongo ukutani, akiwa amevua viatu.

"Mama, twende. Sitaki kuvuka mto gizani."

"Nendeni."

"Nendeni vipi?"

"Nendeni tu. Si ulitengeneza gari linipandishe?"

"Ndiyo."

"Umenipandisha. Ahsante, mwanangu."

Nevena alinitazama. Nilianza kutaja daktari, dawa, kuni, ngazi. Mama alingoja nimalize, kama anavyongoja mtu mzima mtoto anayehesabu hadi mia. Kisha Katerina akaja na chungu cha maziwa ya mgando akasema kitanda kimetandikwa tangu Ijumaa. Nilikuwa mtu wa mwisho kujua. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimechunguza kila kitu juu ya safari hii, hata kimo cha donge la unga, na sikuwa nimemwuliza Mama kama anakusudia kushuka.

Tulishuka wawili.

Usikasirike, na usije ukanipigia simu ukilia. Dawa zake Yordan anazijua kwa rangi. Mimi ninapanda kila Jumatano na kila Jumamosi na mkate, na gari linapanda kama lina miaka kumi. Juzi nilimkuta amefungua masanduku yote ya kitani na kuanika vitambaa uani, na amemfukuza Yordan kwenye ukuta wa kitalu kwa kuwa anaupanga mawe vibaya. Nilimwuliza kama hana upweke. Akaniuliza Devin kuna nini.

Namba ya Katerina nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Mpigie Mama Jumapili baada ya ibada. Nakuomba jambo moja, kama kaka yako mkubwa: usimbembeleze ashuke. Mwulize amekula nini, na mwache akueleze. Kama unaweza kupata likizo Agosti, njoo. Nitakuchukua kutoka stesheni kwa gari hilohilo, na utajionea mwenyewe.

Nina swali moja kwa Fermín. Chujio la kitambaa, je, linaoshwa kwa sabuni ya kawaida au lazima kwa ile ya dukani? Na likishaoshwa, linakaushwa kivulini saa ngapi? Pavlina alinieleza, lakini soko lilikuwa na kelele na sikio langu halikupenda.

Nisalimie sana Fermín na Inés, na yule mama wa ghorofa ya chini anayekutunzia mimea. Nevena anakusalimu na anakutumia mbegu za biringani. Zipande kabla mwezi haujaisha. Zahari anakusalimu pia, na anauliza kama huko Hispania wananunua machujio ya wazi yaliyotumika kidogo.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, aliponye bega lako, na atupe sote nafasi ya kuketi tena kwenye benchi ya Brezak, Mama akiwa katikati.

Ni mimi kaka yako, anayekupenda na kukuwaza kila siku,

Lyuben